Kutoka Kimondo cha Mbozi hadi Idodi: vituo ambavyo basi halisimami



Barabara kuu ya kutoka Tunduma kuja Mbeya mpaka Iringa wengi wetu tunaijua kwa mambo matatu: tochi za trafiki, mizani, na sehemu za kuchimba dawa. Ukimuuliza mtu aliyeipita mara 20 ameona nini njiani, atakwambia chipsi za Makambako na baridi ya Mafinga. Basi. Wakati huohuo utakuta Mzungu ametoka kwao huko mbali, ameshika kitabu chake, anaulizia Isimila iko wapi, na sisi tuliozaliwa huku tunatazamana.

Nimeona niweke hapa orodha ya vituo vya njia hii kwa mpangilio, kuanzia Mbozi mpaka Idodi, ili mdau mwenye gari lake, au mwenye moyo wa kushuka na kupanda magari, ajue pa kusimama. Mbeya hadi Iringa ni kama kilomita 330. Kwa basi ni kazi ya siku moja. Kwa orodha hii tenga siku nne, tena bila haraka.

Kuna jambo moja nataka mdau ulibebe kichwani unaposoma. Vitu vingi kwenye njia hii vinajulikana leo duniani kwa sababu kuna mtu alipita, akasimama, akatazama. Na vingine vinachakaa kwa sababu sisi tunapita tu. Kusimama si starehe peke yake. Kuna watu wanaolinda vitu hivi, na mlinzi asiyeona mgeni mwishowe huchoka.

1. KIMONDO CHA MBOZI

Kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wilaya ya Mbozi. Zamani tulizoea kusema kiko Mbeya, lakini tangu 2016 Mbozi iko mkoa wa Songwe. Unaacha barabara kuu, unaingia ndani kilomita kumi na kitu katikati ya mashamba ya kahawa na mahindi.

Unachokiona ni pande la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 3. Uzito wake hutajwa tofauti tofauti, kuna wanaosema tani 12 na kuna wanaosema 16. Si jiwe la kawaida lile. Asilimia 90 hivi ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Liligonge na kitu kigumu uone linavyolia. Ni moja ya vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani.

Kwa serikali ya kikoloni kiliandikwa 1930, baada ya mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott kukiona. Wenyeji walikuwa wanakijua zamani, ila hawakuwa na haja ya kukiandikia barua. Wakati ule sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa na udongo, sehemu ya juu tu ndiyo ilionekana. Walipochimba kuzunguka, waliacha nguzo ya udongo chini yake, halafu wakaijengea kwa zege. Hicho ndicho kiti unachokiona kimekalia mpaka leo.

Tazama vizuri ncha moja utaona mahali palipokatwa. Mtaalamu wa jiolojia wa enzi hizo alikata kipande kwa msumeno wa chuma kwenda kukichunguza. Mimi huwa nawaambia ninaokwenda nao: hiki kimebaki kwa sababu ni kizito. Kingekuwa na kilo 50 leo tungekuwa tunakiona kwenye picha.

Siku hizi eneo linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA), na mambo yamekuwa mazuri kuliko zamani. Ukiwa na watoto usiwanyime hiki kituo. Mtoto kushika kwa mkono wake kitu kilichotoka angani ni darasa ambalo mwalimu hawezi kulifundisha ubaoni.

2. DARAJA LA MUNGU, KIWIRA (kwa mwenye nafasi)

Hiki ni kituo cha kuchepuka. Ukifika Uyole, badala ya kunyoosha kwenda Iringa unakata kulia, barabara ya Tukuyu. Baada ya mji mdogo wa Kiwira unaulizia Daraja la Mungu. Njia inapita kwenye eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo jieleze vizuri getini, na kabla hujatoa kamera uliza wapi panaruhusiwa kupiga picha.

Daraja lenyewe ni mwamba uliovuka mto Kiwira toka ng'ambo hii hadi ile, na mto unapita chini yake. Hakuna mkandarasi aliyelijenga. Nchi ya Rungwe yote ni ya volkano, na mwamba ule ni wa volkano. Mto umekula chini, juu pakabaki. Karibu na hapo kuna Kijungu, ambako maji yote ya mto yanaingia kwenye shimo kama chungu na kuzunguka humo kwa fujo. Usisogee ukingoni kutafuta picha. Mawe yana utelezi na hakuna uzio wa kukudaka.

Ukirudi Uyole, jaza mafuta, tuendelee.

3. CHIMALA NA KONA 57

Kutoka Uyole unapita Igurusi, unafika Chimala. Upande wa kulia umesimama ukuta wa milima, na juu yake kuna njia ya vumbi inayojipinda kama nyoka. Hiyo ndiyo Hamsini na Saba, kwa maana ya kona 57, inayopanda kwenda Matamba hadi Kitulo. Hata usipopanda, simama dakika 10 uitazame. Ukiona lori la viazi linashuka kule utaelewa kwa nini watu wa Matamba wanawaheshimu madereva wao.

Ukipanda, na uwe na gari la maana na breki za maana, utafika uwanda wa Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Msimu ni wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, wakati ambao barabara nayo ni mbaya. Ndivyo ilivyo, huwezi kupata vyote.

Kuna jambo la kujua. Aina kadhaa za maua ya kule, yale yanayoitwa okidi, zina viazi chini ya ardhi, na viazi hivyo vimekuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Biashara hiyo imekuwa moja ya sababu za kuifanya Kitulo hifadhi. Kwa hiyo ukiambiwa usichume, usione unaonewa.

4. USANGU: MPUNGA NA MTO UNAOKAUKA

Ukiwa Chimala mpaka Igawa, upande wa kushoto kumetandazika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali. Kivutio chake kiko mezani kwako kila siku: mchele. Simama Igurusi au Chimala ununue gunia, lakini ukae hapohapo ulitafakari daraja ulilolivuka.

Mito unayoipita hapa inashuka kutoka milima ile ya kulia, inaingia mashamba ya mpunga, inakutana kwenye ardhioevu ya Ihefu, halafu inatoka ikiwa mto mmoja: Ruaha Mkuu. Huo ndio unaopita Hifadhi ya Ruaha, ukaingia bwawa la Mtera, na baadaye kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu. Maana yake maji ya ubwabwa, maji ya tembo na maji ya balbu yako ni yaleyale.

Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, kitu ambacho wazee hawakukizoea. Kilimo cha umwagiliaji kimelaumiwa, mifugo nayo ikalaumiwa. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao Usangu, na 2008 eneo hilo likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha, ambayo ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali, ule wa GN 28, ulidumu zaidi ya miaka 10 baada ya hapo.

Sisemi nani ana haki. Nasema ukifika Idodi mwisho wa safari hii utakutana na upande wa pili wa mto huuhuu, kwa hiyo kumbuka ulivyouona hapa.

5. MAKAMBAKO: RELI YA UHURU

Kati ya Mbeya na Makambako reli ya TAZARA inatembea jirani na barabara, mara kulia, mara kushoto. Reli nzima, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi Zambia, ina kilomita 1,860. Ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, na ilikabidhiwa rasmi 1976. Lengo lilikuwa Zambia isafirishe shaba yake bila kupitia kwa walowezi wa Rhodesia na makaburu wa kusini.

Stesheni ya Makambako inastahili dakika zako 15 hata kama husafiri. Tazama ukubwa wa jengo, halafu ulinganishe na idadi ya treni zinazopita. Ukibahatika kukuta treni ya abiria, pungia mkono. Wale wa dirishani huwa wanajibu.

6. MAFINGA: MISITU NA ULANZI

Baada ya Makambako unaingia Mufindi, na pale unaanza kuona misonobari mpaka macho yachoke. Hili ni shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Nguzo za umeme, mbao za dari lako, nyingi zimeanzia huku.

Lakini kituo changu Mafinga ni ulanzi. Mdau wa pwani, ulanzi ni pombe ya mianzi. Mwanzi mchanga unakatwa ncha wakati wa mvua, unafungiwa kipande cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na utomvu unadondoka humo. Wa asubuhi ni mtamu, hata bibi anakunywa. Wa jioni au wa jana, huo ni mwingine kabisa. Dereva hahusiki. Na kiangazi usidanganywe na mtu, kwa sababu msimu wake ni masika.

7. IFUNDA: MAKABURI YA WAPOLANDI

Hapa ndipo watu huwa wananibishia, wakidhani natania. Wakati wa Vita vya Pili, Stalin aliwahamisha Wapolandi kwa maelfu kutoka kwao akawapeleka Siberia na kwingineko. Baadaye walipoachiwa walitokea Uajemi, na kuanzia 1942 Waingereza wakawagawa kwenye makoloni yao, sisi tukiwemo. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru kule Arusha, lakini huku kwetu zilikuwepo Ifunda na Kidugala.

Wengi walikuwa akina mama na watoto. Walikaa miaka, wakafungua shule, wakafanya ibada zao, na wengine wakafia hapa. Makaburi yao yapo Ifunda, yana misalaba na majina ambayo hutayaweza kuyatamka. Ulizia kwa heshima, uongozane na mwenyeji, na usikanyage.

Sisi Watanzania tumezoea kusema tumepokea wakimbizi kutoka Rwanda, Burundi, Kongo na Msumbiji. Kumbe hata Ulaya iliwahi kukimbilia Ifunda.

8. ISIMILA

Kilomita kama 20 kabla ya kuingia Iringa mjini, kuna kibao. Unaingia ndani kidogo tu. Tafadhali hiki usikiruke.

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini, akisafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, alisimama hapa akaokota mawe yaliyochongwa. Ndiyo hivyo, alikuwa msafiri tu kama wewe. Mwaka 1957 na 1958 mtaalamu wa Kimarekani Clark Howell na wenzake wakaja kuchimba, na Isimila ikaingia kwenye vitabu vya dunia nzima.

Vitu ni viwili. Kwanza zana za mawe: mashoka ya mkono, vikwangulio, nyundo, vilivyotengenezwa na watu wa kale waliokuwa wakikaa pembeni ya ziwa dogo lililokuwepo hapa. Umri wake wataalamu wameurekebisha mara kadhaa. Mwanzo walisema miaka 60,000 hivi, vipimo vya baadaye vikarudisha nyuma zaidi, hadi zaidi ya miaka 200,000. Pia ilipatikana mifupa ya aina ya kiboko ambayo haipo tena duniani.

Pili ni nguzo za asili. Unashuka korongoni unajikuta katikati ya minara ya udongo mirefu kuliko nyumba, kila mmoja umevaa kofia ya udongo mgumu juu. Mvua na upepo vimechonga pembeni, hicho kigumu cha juu kimekinga chini. Kila masika kinabomoka kidogo. Watoto wako watakuta nguzo zilezile ila si kwa umbo hilihili.

Angalizo: usiondoke na jiwe mfukoni. Najua yapo mengi chini. Yapo mengi kwa sababu waliotutangulia hawakuondoka nayo yote.

9. IRINGA MJINI

Lala hapa. Kabla ya jua kuzama panda jiwe la Gangilonga. Kwa Kihehe jina lina maana ya jiwe linaloongea, na masimulizi yanasema Chifu Mkwawa alikuwa akija hapa kutafakari. Juu unaona mji mzima.

Kesho yake asubuhi pita Iringa Boma, jengo la Mjerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Halafu kanywe chai Neema Crafts, mradi ulioanzishwa na Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha 2003. Wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu, na mgahawani wanahudumu viziwi. Unaagiza kwa ishara au kwa kuandika. Mtu mwenye kelele kama mimi anatoka pale akiwa mpole.

Kwa mwenye siku ya ziada: barabara ya Morogoro, kabla ya kushuka Kitonga, kuna Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza pale jeshi la Wajerumani pamoja na kamanda wao, Emil von Zelewski. Mnara upo, Wajerumani ndio walioujenga kwa ajili ya watu wao.

10. KALENGA: FUVU

Sasa tunaiacha lami ya kwenda Dar na kushika njia ya Ruaha. Kilomita kama 15 tu kutoka mjini upo Kalenga, makao makuu ya Mkwawa. Kabla hujafika, utaona kilima cha Tosamaganga. Jina hilo kwa Kihehe ni kutupa mawe, na masimulizi ni kwamba "mawe" yenyewe yalikuwa mizinga ya Wajerumani. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Mkwawa hakukamatwa. Alipigana vita vya msituni karibu miaka minne.

Kwenye makumbusho ndogo ya Kalenga ndani ya kabati la kioo kuna fuvu. Mkwawa alipojiua, Julai 1898, kichwa chake kilikatwa na baadaye kikapelekwa Ujerumani. Vita vya Kwanza vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliopanga mambo ya dunia nzima, uliweka kifungu cha 246 ambacho kiliitaka Ujerumani kurudisha fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alilitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, katikati ya mafuvu mengi ya Waafrika, na Juni 1954 likakabidhiwa hapa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Wapo wanaouliza kama kweli ni lenyewe. Mimi nadhani swali zito ni lile la pili: yale mengine yaliyobaki Bremen na Berlin yalikuwa ya nani? Kila moja lilikuwa na mama yake na kijiji chake, ila halikuwa na kifungu cha mkataba.

Kumbuka kuvua kofia. Wenyeji hawatakwambia, lakini wanaangalia.

11. MLAMBALASI: KIWILIWILI

Ukiendelea na njia ya Ruaha, kuna njia ya kuchepuka kwenda Mlambalasi, kilomita kama 50 magharibi ya Iringa. Tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa akiwa amezingirwa, mgonjwa, alijipiga risasi hapa ili asikamatwe akiwa hai. Kaburi lake lipo. Ukipita Kalenga asubuhi na Mlambalasi mchana umetembelea mtu mmoja mara mbili.

Juu kidogo ya hapo kuna pango la mwamba. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba wakapata mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Kwa hiyo Mkwawa alipokimbilia Mlambalasi alikuwa anaingia kwenye nyumba iliyokwishakaliwa na watu tangu zamani sana.

Hapa hakuna pilikapilika za wageni. Tafuta mwongozaji Kalenga au mjini kabla ya kuja.

12. IDODI

Njia inashuka, joto linapanda, mibuyu inaanza. Mbele kuna njia panda. Moja inakwenda moja kwa moja getini Ruaha kupitia porini, nyingine inapita vijijini: Idodi, Mapogoro, Tungamalenga. Magari mengi ya watalii yanataka kuwahi. Wewe shika ya vijijini.

Kusema kweli Idodi haina kibao cha kivutio. Ukitafuta kwenye ramani za watalii utaona jina tu, pembeni ya mstari wa barabara. Kuna mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mito inayotoka milimani, mahindi, vitunguu, mbuzi, maduka, pikipiki. Kuna Wahehe, Wabena, Wagogo, Wamasai, Wabarabaig, Wasukuma, kila mtu na lugha yake na wote na Kiswahili.

Nimeiweka kwenye orodha kwa sababu mbili.

Ya kwanza: hawa ndio wanaoishi na wale wanyama. Hifadhi haina ukuta. Tembo akitoka usiku anaingia shamba la mtu, simba anaingia zizini. Mpango wa MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ulianza miaka ya 1990 kwa wazo rahisi: kijiji kinachobeba hasara ya wanyama nacho kipate faida ya wanyama. Baadaye ukawa jumuiya ya hifadhi ya vijiji zaidi ya 20. Umepita kwenye neema na kwenye shida, lakini wazo ni sahihi. Sasa wewe ukipita Idodi vioo vimefungwa, maji umenunua Iringa, chakula kimefungashwa hotelini, mtu wa hapa aliyelala macho kufukuza tembo amepata nini kutoka kwako? Vumbi.

Ya pili ni nzito kidogo. Agosti 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku. Wanafunzi 12 walikufa. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa, wa mtoto aliyekuwa akijisomea. Nchi nzima ililia wiki ile, kisha ikaendelea na mambo yake, kama kawaida yetu. Watoto wale leo wangekuwa watu wazima wa miaka thelathini na kitu, wengine walimu, wengine mama wa watoto wa shule hiyohiyo.

Tafadhali nisieleweke vibaya. Simwambii mtu aende shuleni kupiga picha, pale si kivutio na wazazi wapo. Nasema tu kwamba kwenye njia hii tuna kibao cha chuma kilichotoka angani, kibao cha mawe ya watu wa kale, mnara wa Mjerumani, misalaba ya Wapolandi na kabati la kioo la chifu. Ukipita Idodi jua kwamba hapo napo pana watu wa kukumbukwa. Punguza mwendo, maana watoto wanavuka.

Halafu simama sokoni. Kunywa chai, kula wali, nunua vitunguu, uliza habari za tembo wa juzi. Utapata masimulizi ambayo hayamo kwenye kitabu cha Mzungu yeyote.

MAMBO YA KUJUA KABLA YA KWENDA

- Msimu: Juni hadi Oktoba ni rahisi kwa barabara. Kwa maua ya Kitulo na ulanzi ni masika, kubali tope.

- Usafiri: barabara kuu mabasi ni mengi, mwambie kondakta mapema unashukia wapi, asikupitilize. Kutoka Iringa kwenda Kalenga ni karibu. Kwenda Idodi na Tungamalenga magari ni machache, ulizia siku moja kabla.

- Barabara ya Ruaha: mbele ya Kalenga imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi na habari za lami zimekuwa nyingi kuliko lami. Uliza madereva hali ya wiki hiyo, usiniulize mimi.

- Fedha: viingilio vya Mtanzania ni vidogo ukilinganisha na vya mgeni. Beba kitambulisho na noti ndogo. Dai risiti.

- Waongozaji: walipe. Wengi wanajua zaidi ya kilichoandikwa ukutani.

- Idodi kuna joto, mbu na, ukikaribia hifadhi, mbung'o. Nguo ya bluu au nyeusi huwavutia hao mbung'o, vaa rangi ya udongo.

Nimeacha vingi: ziwa Ngozi, Matema, michoro ya mapangoni Igeleke, Mgololo. Mdau wa Mbarali, wa Mufindi, na hasa mdau wa Idodi na Pawaga, kama kuna mahali pa kusimama nimeruka, ongeza hapo chini pamoja na jina la kijiji na njia ya kufika. Wengine watapita baada yetu.

Nawasilisha.